Kumpenda nyoka wa majini si kumfungia ndooni

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi, msomaji mpenzi, sijawahi kuumwa na nyoka maishani mwangu. Hata hivyo, kila nionapo ndoo ya plastiki iliyofunikwa kwa kitambaa na kufungwa kwa kamba, moyo hunipiga. Si kwa hofu ya kuumwa, bali kwa aibu ya jambo nililolitenda nikiwa mwalimu kijana, ambalo sijapata kulieleza hadharani hadi leo.

Lililonisukuma kuandika ni kijana wa jirani yangu, mwanafunzi wa shule ya upili. Jioni moja alibisha hodi kwangu, akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu." Nilipoitika marahaba, alisita kidogo kisha akauliza, "Mwalimu, nyoka wa majini hula nini?" Nilimtazama usoni. Swali lile halikutoka kitabuni. Baada ya kumhoji kwa upole, alikiri kwamba siku mbili kabla alikuwa amemkuta nyoka mwembamba wa kijani akiogelea mtoni, akamtega kwa ndoo na kumleta nyumbani. Ndoo hiyo ilikuwa mvunguni mwa kitanda chake. Mama yake hakuwa na habari.

Wapo watakaosema kwamba kijana huyo alistahili viboko. Mimi nasema alistahili kusikilizwa. Katika nchi ambamo mtoto hufundishwa kuokota jiwe kabla ya kuuliza jina la nyoka aliyemwona, huyu alimtazama nyoka akavutiwa naye. Huo ndio mwanzo wa elimu. Kosa lake ni kwamba alidhani kuvutiwa kunatosha. Nami nilipatikana na kosa lilo hilo, tena nikiwa na cheti cha ualimu mfukoni.

Mwaka wa 1994 nilikuwa nikifundisha Baiolojia katika shule moja ya magharibi mwa nchi, karibu na kinamasi. Wanafunzi wangu waliniletea nyoka mdogo wa rangi ya zeituni waliyemnasa majini. Mkononi mwa aliyemkamata kulikuwa na kipande cha mkia kilichokatika, kingali kikipinduka-pinduka. Tulicheka. Sikujua wakati huo kwamba wapo nyoka wa vinamasini ambao mikia yao hukatika upesi inaposhikwa ili mwenyewe apate kuponyoka, na kwamba mkia wa nyoka, tofauti na wa mjusi, ukishakatika haumei tena. Tulikuwa tumempokonya kiungo hata kabla hatujampa makao.

Nilitafuta tangi la kioo katika maabara, nikalijaza maji hadi nusu, nikamtia humo. Fikira yangu ilikuwa nyepesi: huyu ni nyoka wa majini, basi apewe maji. Sikumwekea jiwe wala kipande cha gogo cha kupandia. Wiki ya kwanza wanafunzi walijazana dirishani kumtazama. Wiki ya pili alikataa kula. Wiki ya tatu magamba ya tumboni yalifanya malengelenge, na asubuhi moja tukamkuta akielea. Msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, tulimkosea nini?" Nilimjibu kwamba nyoka aliugua tu. Huo haukuwa ukweli. Nyoka huyo niliuawa mimi kumlea, kwa maana niliyemuua ni mimi, kwa ujinga wangu, na nikawaficha wanafunzi somo kubwa kuliko yote niliyopaswa kuwafundisha muhula huo.

Baadaye nilisoma, nikawauliza wajuao, nikatambua kosa langu lilikuwa wapi. Nyoka apendaye maji si samaki. Huvuta hewa kwa mapafu, na baada ya kuogelea na kuwinda hupanda ukingoni, juu ya jiwe au tawi, akajikausha kwa jua. Ngozi yake ikikaa katika unyevu usiku na mchana bila kupata mahali pakavu, huota malengelenge, na bakteria hupata mlango wa kuingilia. Wafugaji wa nchi za ng'ambo walioishi na nyoka wa aina hii kwa miaka mingi wanalijua hili vyema. Aghalabu nyoka wa majini wanaofugwa huathirika kwa kuloweshwa kupita kiasi, si kwa kukosa maji. Anachohitaji ni beseni la maji safi ambamo anaweza kujizamisha mwili mzima, na sehemu iliyobaki ya makao yake iwe kavu kabisa.

Tena nyoka hana moto wake mwenyewe wa mwilini. Joto lake hutegemea mazingira. Porini akihisi baridi husogea juani, na akihisi joto hujitosa majini au hujificha kivulini. Katika ndoo hana pa kwenda. Ndiyo maana makao yake hayana budi kuwa na upande wenye joto na upande wenye ubaridi, ili achague mwenyewe. Nyoka aliyepoa kupita kiasi hawezi kusaga chakula tumboni, na aliyewekwa juani katika chombo cha kioo kilichofunikwa huweza kufa kwa muda mfupi, kwa kuwa kioo hunasa joto.

Kuna pia suala la chakula. Kijana wa jirani yangu alikuwa amemtupia nyoka vipande vya ugali na mboga. Hakuna nyoka duniani alaye ugali. Nyoka wote hula viumbe wengine au mayai ya viumbe wengine, na wale wa kandokando ya maji aghalabu hula vyura na samaki wadogo. Lakini hata samaki si jibu jepesi. Baadhi ya samaki, wakiwemo wale wa dhahabu wanaouzwa kwa ajili ya mapambo, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Nyoka anayelishwa samaki wa namna hiyo peke yao kwa muda mrefu huanza kutetemeka, hupoteza mizani, hatimaye hushikwa na degedege na kufa ilhali tumbo limejaa. Kuwagandisha samaki hao kwenye friji hakukiondoi kimeng'enya hicho. Porini nyoka hula leo chura, kesho samaki wa aina hii, keshokutwa wa aina ile, na mchanganyiko huo ndio kinga yake.

Sijamaliza. Nyoka wa majini hunya mara kwa mara, na maji yake huchafuka upesi, hivyo huhitaji kubadilishwa kila yanapochafuka. Akishikwa kwa nguvu hutoa harufu mbaya ya kujihami. Anapokaribia kujivua gamba macho yake hufanya ukungu, akawa haoni vizuri, na wakati huo hapaswi kusumbuliwa. Hupenya katika mwanya mdogo ambao mtu hawezi kuudhania, kwa hivyo kifuniko cha makao yake sharti kifungwe barabara. Kadhalika, wanyama wa jamii ya nyoka, mijusi na kobe huweza kubeba bakteria wa salmonela bila wenyewe kuonyesha dalili ya ugonjwa. Anayewagusa asiponawa mikono kwa sabuni anaweza kuwaambukiza watoto wadogo na wazee nyumbani. Hebu fikiria basi ndoo ile ya mvunguni katika chumba alalamo kijana na nduguye mdogo!

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu nataka mwanafunzi anayesoma safu hii apime mwenyewe mzigo anaoutamani. Huo ni mzigo wa miaka, si wa likizo moja.

Sasa nije kwa jambo zito zaidi. Kijana alinihakikishia kwamba nyoka wake hana sumu. Nilipomuuliza amejuaje, alisema, "Ni mwembamba, mwalimu, tena ni wa kijani kama wale wa kwenye nyasi za mtoni." Msomaji mpenzi, hapo ndipo nilipohisi baridi mgongoni. Ni kweli kwamba nchini mwetu wako nyoka wa kijani wa kandokando ya maji, wembamba, wala vyura na samaki, ambao hawana sumu ya kumdhuru binadamu. Lakini wako pia koboko wa kijani, wa pwani na wa misitu ya magharibi, na yuko yule nyoka wa mitini aitwaye boomslang, ambaye mara nyingine huwa wa kijani na ambaye sumu yake huizuia damu kuganda. Wala maji si hakikisho la usalama. Katika Ziwa Tanganyika, mbele ya macho ya wavuvi wa Kigoma na Kalemie, huishi fira wa majini anayekula samaki, naye ana sumu kali.

Ikiwa kuna anayedhani kwamba kumtambua nyoka ni kazi ya kutupa jicho mara moja, na akumbuke yaliyompata Karl Patterson Schmidt. Huyu alikuwa Mmarekani aliyebobea katika elimu ya nyoka na wanyama wa jamii yao, akihudumu katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago. Mnamo Septemba mwaka wa 1957 aliletewa nyoka mchanga ili amtambue. Palikuwa na shaka kama kweli alikuwa boomslang, kwa kuwa gamba lake moja halikulingana na maelezo ya kawaida. Alipomshika, nyoka akamuuma kidoleni. Schmidt aliandika dalili zake moja baada ya nyingine, na siku ya pili yake akafariki dunia. Ikiwa bingwa mwenye vitabu na miaka ya tajiriba aliweza kupatwa na hilo, sembuse mwanafunzi mwenye ndoo na tochi ya simu?

Shirika la Afya Duniani liliorodhesha sumu ya nyoka miongoni mwa maradhi ya tropiki yaliyopuuzwa mnamo mwaka wa 2017. Kwa makadirio ya shirika hilo, watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kila mwaka kutokana na kuumwa na nyoka, na wengi zaidi huachwa na vilema vya kudumu. Wanaoumia sana ni watu wa mashambani, wakiwemo watoto, mbali na hospitali zenye dawa. Hao hawakumfuga nyoka, walimkanyaga tu gizani. Sioni busara ya kuongeza idadi yao kwa hiari yetu.

Na sheria inasema nini? Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 haimruhusu mtu kumtwaa mnyama wa porini na kumweka kwake bila kibali. Nyoka ni mnyama wa porini sawa na swara na tumbili. Wengi hucheka wakisikia hivyo, kana kwamba sheria iliandikwa kwa ajili ya ndovu na kifaru pekee. Bustani za nyoka kama ile ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka wa 1961, au shamba la nyoka la Bio-Ken kule Watamu lililoanzishwa mwaka wa 1980, si mikusanyiko ya ndoo mvunguni. Ni mahali pa watu waliosomea kazi hiyo. Mwalimu anayetaka wanafunzi wake wamwone nyoka kwa karibu na awapeleke huko.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu. Mtu atasema, "Kule Ulaya na Marekani watu hufuga nyoka wa majini sebuleni, kwa nini sisi tukatazwe?" Ni kweli hufuga, na wengi wao huwatunza kwa uangalifu mkubwa, nao huwapata nyoka waliozaliwa katika ufugaji. Lakini tusichukue nusu ya hadithi. Katika kinamasi cha Everglades, jimboni Florida, chatu wa Burma walioingizwa nchini humo kama wanyama wa kufugwa walipotoroka au kutupwa na wenyewe walizaana porini. Kufikia mwaka wa 2000 ilikuwa imethibitika kwamba wamefanya makao huko. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba idadi ya rakuni walioonekana barabarani katika sehemu walikokaa chatu hao kwa muda mrefu ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ikapiga marufuku kuwaingiza chatu hao nchini. Majuto ni mjukuu. Sisi wa Ziwa Viktoria, tulioletewa sangara na tukaona samaki wetu wa asili wakitoweka, hatuhitaji kufundishwa na Florida ubaya wa kumwaga kiumbe mgeni majini.

Isitoshe, si kweli kwamba Mwafrika hakujua kuishi na nyoka isipokuwa kwa rungu. Kule Nyakach, karibu na Ziwa Viktoria, chatu aliyeitwa Omieri aliheshimiwa na wenyeji kwa kuaminiwa kwamba huleta mvua na mavuno. Mwaka wa 1987 Omieri aliungua vibaya kwa moto, akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafa. Nchi nzima ilizungumza juu yake. Mwaka wa 2003 chatu mwingine alipoonekana huko huko, wapo waliofurahi kwamba Omieri amerudi na wapo waliohofia watoto na mifugo yao. Siwalazimishi wasomaji waamini habari za mvua. Ninachotaka waone ni kwamba watu wale walimheshimu chatu bila kumfungia. Alikaa kwake vichakani, nao wakakaa kwao. Chatu naye ni mpenda maji, hujilaza katika vidimbwi na kandokando ya mito, na hakuna aliyedhani kwamba ili kumpenda ni lazima amtie kwenye pipa.

Kwa hiyo naona makosa mawili yanayofanana. La kwanza ni la anayemponda kila nyoka anayemwona, hata yule asiye na madhara anayekula panya wa ghalani. La pili ni la anayemchukua nyoka aliyemwona na kumfanya mali yake bila kujua mahitaji yake. Wa kwanza huua kwa rungu, wa pili huua kwa ndoo. Tofauti ni kwamba wa rungu humaliza mara moja, ilhali wa ndoo huchukua wiki tatu. Nami naijua tofauti hiyo kwa macho yangu.

Walimu wenzangu, Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unatutaka tuwatoe wanafunzi vitabuni na kuwapeleka kwenye vitu halisi. Ni jambo jema. Lakini kitu halisi si lazima kiwe ndani ya chupa. Shule yenye kipande cha ardhi inaweza kuchimba kidimbwi kidogo, ikapanda matete kandoni, ikaacha vyura, kereng'ende na ndege waje wenyewe. Wanafunzi wakae kando, kwa umbali wa salama, wakiwa na daftari na mwalimu wao, waandike walichoona, saa ngapi na hali ya hewa ilikuwaje. Nyoka akija, na aonekane kwa mbali, kisha aachwe aende. Mwanafunzi aliyemtazama nyoka akiwinda chura kwa dakika kumi atakuwa amejifunza mengi kuliko darasa langu la mwaka wa 1994 lililomtazama mfungwa wake kwa siku ishirini.

Nanyi wanafunzi, mkimwona nyoka, simameni mbali, msimguse wala msimtupie mawe. Akiwa ndani ya nyumba au darasani, ondokeni na mwiteni mtu mzima awatafute wahusika wa wanyamapori. Mtu akiumwa, msikate kidonda wala msinyonye sumu wala msifunge kamba kwa nguvu. Mtulizeni, kiungo kilichoumwa kisichezechezwe, na apelekwe hospitali bila kupoteza wakati.

Na yule kijana? Sikuigusa ndoo yake. Tulimwarifu mama yake, naye alipaaza sauti kwanza, kisha akakaa kimya akisikiliza. Tulipiga simu kwa afisa wa wanyamapori, na asubuhi akaja na ndoano yake ndefu. Kwa bahati nyoka yule alikuwa mmoja wa wale wasio na sumu ya kumdhuru mtu. Afisa alimkemea kijana, akamweleza sheria, halafu akamwambia amwonyeshe hasa alipomkuta, kwa kuwa nyoka hapaswi kutupwa popote pale bali arudishwe kwao. Tulifuatana hadi mtoni. Nyoka alipoachiliwa alipanda kwanza kwenye jiwe lenye jua, akatulia hapo kwa kitambo, ndipo akateleza majini.

Kijana aliniuliza, "Mwalimu, mbona hakuingia majini mara moja?" Safari hii nilimweleza ukweli, wa jiwe, wa jua na wa ngozi inayotaka kukauka. Nikamweleza pia habari za tangi la kioo na msichana niliyemdanganya. Kama msichana huyo, ambaye sasa ni mama mtu mzima, anasoma gazeti hili, basi jibu la swali lake ndilo hili, na namwomba radhi kwa kulichelewesha.